Risala ya Wafugaji wa Witu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Chanjo ya Mifugo

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, maafisa wa mifugo na wa wanyamapori, kina mama na vijana, asalaam alaykum.

Karibu Witu. Ng'ombe unaowaona pale wamesimama tangu alfajiri wakingoja sindano, nasi tunakuletea mambo mawili, maji na chanjo.

Kiangazi kikikaza, malambo yetu hukauka na mifugo husogezwa hadi Ziwa Kenyatta na pembezoni mwa msitu. Nyati nao hunywa huko huko. Nyati anaweza kukaa miaka na virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kooni mwake, asionyeshe dalili yoyote. Ng'ombe wetu akivipata, siku chache tu anadondokwa na mate, ulimi unatoka malengelenge, anachechemea, maziwa yanakatika. Ng'ombe wakubwa wengi hupona. Ndama ndio hutuumiza, maana ugonjwa huwashika moyo wakaanguka ghafla. Halafu soko hufungwa kwa karantini, na karo ya watoto wetu iko soko hilo.

Wapo wanaosema nyati wamalizwe. Tunawapinga, kwa sababu wazee wametusimulia sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Sotoka ililetwa Afrika Mashariki na ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19, ikafyeka ng'ombe na nyati pamoja. Hata hirola, swala wa jirani zetu wa Ijara, wataalamu wanaitaja sotoka miongoni mwa yaliyowapunguza. Kisa cha mwisho kujulikana duniani kilikuwa cha nyati, Mbuga ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa imetokomezwa. Waliochanjwa ni ng'ombe, na nyati wakasalimika.

Mheshimiwa, kinga ya chanjo ya leo ya miguu na midomo haizidi sana miezi 6, na mara iliyopita ilitufikia mifugo ikiwa imeshaugua. Tunaomba ije mara 2 kwa mwaka, ya kwanza kabla ya kiangazi. Tunaomba pia kisima na mabirika huku kwetu, tusilazimike kwenda ziwani.

Nasi tuna kosa letu. Wengine wetu huficha mnyama mgonjwa kwa kuogopa karantini. Tumekubaliana kikaoni kwamba atakayeona mate au kuchechemea ataripoti siku hiyo hiyo.

Zizi la kwanza mkono wa kulia ni la mama mjane mwenye ng'ombe watatu. Tunakuomba uanzie kwake.