Wazazi wafundishwe kuhesabu pumzi za mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie kuhusu nimonia kwa watoto, hasa msimu huu wa baridi. Mtoto akikohoa, wengi wetu hukimbilia duka la dawa, tunapewa sharubati na kurudi nyumbani. Mara nyingi ni mafua tu, yatapona yenyewe. Hofu yangu ni kwa yule ambaye kikohozi chake si cha mafua, bali ni cha nimonia.

Kumtambua hakuhitaji mashine. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, si anapolia au kunyonya, kisha hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni kupumua haraka, apelekwe zahanati. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, asisubiri kupambazuke. Wala tusitegemee homa peke yake, maana wapo wanaougua nimonia bila joto kali.

Naiomba Wizara ya Afya iagize wauguzi waonyeshe jambo hili kwa vitendo siku za kliniki, kina mama (na kina baba wanaofika) wakiwa wamekaa kusubiri watoto wapimwe uzito. Wauza dawa nao waulize mtoto anapumuaje kabla ya kuuza sharubati.

Msomaji wako,
Mbeya