Van Rysselberghe si wa sentensi moja

Mhariri,

Nashukuru kwa makala yenu kuhusu wachoraji wa bahari wa Ulaya, mada ambayo magazeti yetu huigusa kwa nadra. Ila Théo van Rysselberghe wa Ubelgiji mmemmaliza kwa sentensi moja: eti alikuwa mfuasi wa Seurat, Mfaransa aliyeanzisha uchoraji wa nukta, yaani kujenga picha kwa vidoa vidogo vya rangi. Hapo mmemdhulumu.

Mzaliwa huyu wa Ghent hakuingia kwenye uchoraji wa nukta kwa kufuata mkumbo. Mwaka 1886 alikuwa tayari amevutwa na wachoraji wa Kifaransa Monet na Renoir, ambao kazi zao zilioneshwa Brussels na Les XX, kundi la wasanii aliloshiriki kuliasisi mwaka 1883. Mwaka huohuo wa 1886 alikwenda Paris, akaiona picha kubwa ya Seurat ya kisiwa cha La Grande Jatte. Inasimuliwa kwamba alikasirika hadi akavunja bakora yake palepale mbele ya picha. Je, huyo ndiye mfuasi? Alibishana na mtindo ule kwanza, ndipo akaukubali.

Tena akaupeleka kwingine. Itazameni "L'homme à la barre" (Mtu kwenye usukani) ya 1892, iliyopo Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris. Baharia amewekwa pembeni mwa turubai, ameshika kana ya usukani, na nafasi iliyobaki imeachiwa mawimbi na upepo. Rangi zimepangwa nukta kwa nukta bila kuchanganywa, jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya. Lakini bahari za Seurat zimetulia tuli, na hii inachafuka. Mwaka huo van Rysselberghe alikuwa amesafiri kwa mashua pamoja na rafiki yake Signac, mchoraji mwenzake wa nukta, na mimi naamini picha hii ni ya mtu aliyerushwa na maji, si ya mtu aliyesimama ufukweni.

Baadaye nukta zikapanuka, zikawa mapigo marefu ya brashi, na kufikia miaka ya 1910 akaziacha kabisa. Alihamia Saint-Clair, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1911, akachora huko hadi kifo chake mwaka 1926. Wapo wanaosema alichoka. Mimi naona nukta zilikuwa zimemfundisha alichotaka kujua kuhusu mwanga, akaendelea na safari yake.

Naomba mkirudia mada hii mchapishe kwa rangi "Gros nuages" (Mawingu makubwa) yake ya 1893, pamoja na picha yake moja ya bahari ya Saint-Clair, ukurasa mmoja, ili wasomaji waamue wenyewe.

Msomaji wenu