Shukrani kwa mzee wa ovaroli la bluu, pale Mbande

Mzee wangu, jina lako sikulipata, maana ulidandia gari la Kongwa hata sijakupa mkono vizuri. Basi nakushukuru hapa, huenda mjukuu wako akakusomea.

Ni mimi yule kijana ambaye breki ya mbele ya pikipiki yake ilikuwa inalia mpaka watu wa magengeni wanageuka. Pedi zilikuwa mpya, zimefungwa mjini juzijuzi tu, na kila niliyemuuliza alisema "zitazoea". Wewe hukukimbilia spana. Uliinua tairi, ukalizungusha kwa mkono, ukatega sikio, ukauliza: inalia ukishika breki, au hata ukiachia? Hata nikiachia, mzee. Ukanyunyizia diski maji ya chupa, yakachemka chwaa! Ukacheka: pedi haziachii.

Kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, ilipofunguka, pini zake zilikuwa kavu, zimeganda lile vumbi letu la Dodoma. Ukazifuta kwa kitambaa, ukapaka grisi kidogo kwenye pini tu (na ukanikaripia nilipopeleka kidole chenye grisi karibu na pedi), kisha ukalainisha kingo za pedi kwa msasa. Kile kibati cha kuzuia pedi zisicheze hakikuwemo kabisa. Nimeshakinunua, kama ulivyoniagiza.

Hela ulikataa, ukapokea soda tu. Breki imenyamaza na tairi linazunguka jepesi. Mama, abiria wangu wa kila Jumapili, anakusalimu sana. Shikamoo, mzee.