Barua kwa Mama Salim kuhusu miguu ya mtoto

Tanga, 9 Julai

Mpendwa Mama Salim,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote hatujambo. Barua yako niliipata Jumapili, na nilirudia mara mbili pale ulipoandika kwamba miguu ya Salim, aliyetimiza mwaka mmoja na miezi minane, inazidi kupinda, na kwamba mama mkwe wako anasema ni kwa sababu alisimamishwa mapema. Usijilaumu kwa hilo. Kusimama mapema hakupindi mfupa ulio mzima. Unaopinda ni ule uliokwisha kulainika, kisha uzito wa mtoto ukaushinda.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata kwa Hamisi. Zahanati ya kwanza niliambiwa kwamba matege ya watoto huondoka yenyewe, nikarudi nyumbani nimeridhika. Hawakusema uongo, maana watoto wengi huwa na miguu iliyopinda kidogo, ikaanza kunyooka wakaribiapo miaka miwili. Lakini hakuna aliyemtazama mikono. Siku moja nikimwogesha kwenye beseni, nilikishika kifundo cha mkono wake nikakiona kinene, kana kwamba amevishwa bangili chini ya ngozi, na nilipopitisha vidole mbavuni nikagusa vinundu vilivyojipanga kama shanga. Hospitalini daktari alinionyesha katika picha ya eksirei jinsi ncha za mifupa zilivyotanuka na kuchanikachanika, mithili ya mswaki wa mti uliotafunwa.

Aliposema mifupa imelainika kwa kukosa jua, nilimuuliza, mtoto wa Tanga akose jua vipi? Akaniuliza Hamisi anashinda wapi. Kweli alikuwa akishinda chumbani na msichana wa kazi, nami nikidhani mwanga wa dirishani unatosha, kumbe kioo huzuia ile miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi kama zetu huhitaji muda mrefu zaidi juani, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini hiyo kidogo sana. Ikikosekana, utumbo hufyonza kalsiamu kidogo tu ya chakula, na mfupa hukua bila kukomaa.

Hata hivyo jua peke yake si jibu la kila mtoto. Nchini Nigeria wapo watoto wanaocheza juani kutwa na bado wanapata matege, kwa kuwa chakula chao ni nafaka tupu yenye kalsiamu haba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kwa hiyo usimlishe Salim uji mtupu wa mahindi. Mpe maziwa, na dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao.

Kuna jambo jingine ambalo nakuomba usilisahau mbele ya daktari: mweleze kwamba Salim alizaliwa mkiwa bado Maji ya Chai. Maji ya upande ule wa Mlima Meru yana floridi nyingi, na magadi mliyokuwa mkilainishia maharage huwa nayo pia. Floridi ikizidi hupinda miguu ya watoto vilevile, na tiba yake huanza kwa kubadilisha maji.

Dawa usinunue mwenyewe dukani, maana vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo. Hamisi alipewa matone ya kila siku pamoja na kalsiamu kwa miezi mitatu, kisha akapigwa picha nyingine. Mifupa ilikuwa imekomaa, ila miguu ilichukua zaidi ya mwaka kunyooka. Kwa mtoto mdogo mara nyingi hunyooka hivyo bila kisu. Aliyecheleweshwa ndiye huenda akafanyiwa upasuaji.

Wale bibi walioniamuru nimchimbie Hamisi mchangani ufukweni hadi magotini kila asubuhi niliwacheka baadaye, lakini siku hizi siwacheki sana: mchanga haukufanya kitu, ila mtoto alipata jua mgongoni.

Mpeleke wiki hii, uniandikie picha imeonyesha nini. Dagaa mchele nitawatuma na basi la Ijumaa.

Rafiki yako,
Mama Hamisi