Jumamosi tunakula Zemun

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi hii saa 1 jioni tukutane Zemun, mtaa wa Belgrade, kwenye ile kafana (mgahawa wa Kiserbia) ndogo karibu na mto Danube. Ni ya familia: baba yuko kwenye makaa, mama yuko jikoni, binti ndiye anayeleta sahani. Kwa hiyo haraka zetu za Belgrade tuziache nyumbani, nyama inawekwa motoni ukishaagiza.

Sasa lile la muhimu. Ndugu Waislamu na wote msiokula nguruwe: ćevapi (vipande virefu vya nyama ya kusaga iliyochomwa) za huku mara nyingi huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na kwa macho huwezi kujua. Nimeshaongea na mama mwenyewe. Atatukaangia samaki kwenye kikaango cha peke yake na kutupikia prebranac ya mfungo, isiyotiwa nyama kabisa. Ni maharage meupe ya kuoka na vitunguu vingi. Jamani, yale maharage! Yanafika mezani kwenye chungu cha udongo, juu yamekauka kidogo, chini bado yanatokota. Hata wala nyama wachovye mkate.

Rakija, ile pombe kali ya matunda, italetwa tu, hata bila kuagiza. Usiyekunywa sema "ne, hvala" (hapana, asante) mapema.

Ndani watu wanavuta sigara, nimeomba meza ya nje. Njooni na sweta.

Mchango ni dinari 2,000, taslimu, kabla ya Alhamisi. Meza ni ya watu 14. Nyie wa "nitathibitisha", nawaona.