Nepi thelathini na mbili

Shoga yangu mpenzi,

Pole na hongera. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, na mara zote nimecheka pale ulipoandika kwamba mtoto ana siku tisa na wewe umeshasahau usingizi una ladha gani. Utaukumbuka, ila si mwezi huu. Mwambie mama shikamoo yangu, na umshukuru kwa kuja kukaa nawe.

Umeniuliza kama kweli niliwafulia wanangu wote wawili nepi za kitambaa au nilikuwa najisifu tu. Ushahidi huo hapo mfukoni: nepi 32 za pamba, zile za mraba za sentimita 60 kwa 60, chupi nne za plastiki za kuvalisha juu yake, na pini sita. Sasa ni zako. Usiogope ukiziona zimechakaa kidogo. Pamba mpya ina nta yake ya asili inayokataa maji, na huwa lazima ifuliwe mara kadhaa ndipo ianze kunyonya vizuri. Hizi zimeshapita huko, ni laini na zinanyonya kama sifongo. Ukiinua moja kwenye mwanga ukaona upande wa pili waziwazi, hiyo imezeeka. Itumie mbili mbili.

Zimelala sandukuni miaka mitatu bila kidonge hata kimoja cha nafthalini, na nilifanya hivyo makusudi. Nakuomba, ukiletewa nguo za mtoto na mtu mwingine, zinuse kwanza. Zikiwa na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, usimvishe. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mara nyingi wazazi hawajui. Kwa mtoto kama huyo nafthalini huvunja chembe nyekundu za damu, akapata manjano kali, na manjano kali kwa kichanga huweza kudhuru hata ubongo. Mshukuru aliyekuletea, kisha ziweke mbali.

Sasa nikusimulie nilivyoharibu mambo na mtoto wa kwanza, maana naona kwenye maneno yako unaelekea njia ileile.

Mimi nilianza kwa bidii. Nilikuwa nafua kama ninayegombana na nguo. Sabuni ya unga najaza ngumi, nafikicha mpaka vidole vinachubuka, kisha namalizia kwa dawa ya kulainisha nguo ili zinukie kitoto. Wiki ya tano mtoto akaota upele, matako yote mekundu. Nikajiambia nepi si safi, nikaongeza sabuni. Upele ukazidi. Halafu kikaja kituko kingine: nepi zikaanza kuvuja. Mtoto akikojoa, mkojo hauingii kitambaani, unateleza juu juu na kutokea mapajani. Nikaongeza sabuni tena! Nilikuwa nalia na beseni.

Shangazi yangu alipokuja kumwona mtoto hakuniuliza kitu. Alichukua nepi moja kutoka kwenye rundo nililokuwa nimelikunja vizuri, kavu, safi, inanukia maua. Akaitia kwenye beseni la maji vuguvugu matupu, akaizungusha kwa mkono mara nne tano. Povu likapanda. Povu jeupe, shoga, kwenye maji ambayo hayakuguswa na sabuni. Akaniangalia, akasema, "Hujamvisha mtoto nepi. Umemvisha sabuni."

Siku ile tulizisuuza zote, maji baada ya maji, mpaka yakawa hayatoi hata kijipovu. Mgongo uliniuma siku mbili. Dawa ya kulainisha niliacha kabisa, kwa sababu inapaka nyuzi mafuta, na nyuzi zilizopakwa mafuta hazinyonyi. Sabuni nikapunguza hadi kama nusu ya niliyokuwa natia. Upele ulikauka ndani ya wiki moja, na kuvuja kukaisha.

Kwa hiyo ukisahau yote mengine niliyoandika hapa, shika hili: suuza. Suuza tatu, na ya mwisho itazame maji kwa macho yako. Kama maji yenu ni ya chumvi, yale yasiyotoa povu kirahisi, kidogo ni tofauti. Hapo sabuni itabidi uongeze kidogo ili ishike uchafu, lakini kusuuza ndiko kutakuwa kwingi zaidi.

Utaratibu wangu wenyewe haukuwa na maajabu. Nepi ya mkojo ikitoka tu, niliipitisha kwenye maji baridi, nikaikamua, nikaitupia kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo kavu isiyo na maji. Wengine huloweka kwenye ndoo ya maji mpaka siku ya kufua. Sikushauri, kwanza kwa sababu maji hayo huvunda, lakini hasa kwa sababu utakuja kuwa na mtoto anayetambaa ndani ya nyumba. Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji machache tu ya ndoo, kichwa kikitangulia, wala hapigi kelele. Uzoee ndoo kavu tangu sasa.

Nepi aliyojinyea wala isikutie kinyaa. Mtoto anayenyonya tu, choo chake ni cha njano na chepesi, kinayeyuka kwenye maji. Kile cheusi cha siku za mwanzo, kinachonata kama lami, nadhani umeshakipita. Muhimu ni maji ya kwanza yawe ya baridi. Maji ya moto hugandisha doa kwenye uzi, na likishaganda utalikuta hata mtoto wa pili. Akija kuanza kula ndipo kazi inabadilika: choo kinakuwa kizito, unakikung'utia chooni kwanza kabla nepi haijagusa beseni. Na mikono kwa sabuni kila mara. Watu husema choo cha mtoto si uchafu. Vimelea havijui umri.

Kila baada ya siku moja, au mbili zikizidi sana, nilifua. Usivushe hapo. Mkojo ukikaa, bakteria huuvunja ukatoa amonia, ile harufu inayochoma pua ukifunua ndoo asubuhi, na amonia hiyohiyo ndiyo inayochoma ngozi ya mtoto. Kwa mkono, tumia maji ya moto kadiri unavyovumilia. Kama una mashine, nyuzi joto 60. Mama atakuambia uzichemshe kila siku. Usibishane naye. Kuchemsha si kubaya, ila si lazima kila siku, na mpira wa kiunoni kwenye zile chupi za plastiki hautaki moto kabisa; hizo fua kwa maji ya uvuguvugu na uanike kivulini.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe najua unaipenda, nimeona mashuka yako. Kwenye nepi iache. Inakula pamba, na ukiimwaga kwenye nepi zenye mkojo, klorini na amonia vinatoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Usiichanganye na siki pia, maana hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe. Madoa ya njano waachie jua. Anika nepi ingali na maji, upande wenye doa uangalie juu, na jioni unapoanua utalitafuta doa. Siku za mawingu halitoki, nami nilijifunza kutojali. Doa safi halimdhuru mtu. Zikikauka na kukakamaa kama ubao, zifikiche mikononi kidogo kabla ya kuzikunja, zinalainika.

Idadi: kichanga hula nepi 10 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Kwa hiyo 24 zinakutosha siku mbili, na 8 zilizobaki ni za siku ya mvua, au siku ambayo umeamka ukasema leo sifui. Siku hiyo itakuja. Na kuhesabu kuna faida nyingine. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Uliniandikia una wasiwasi kama anashiba. Hesabu nepi. Kitambaa hakifichi kitu, kikilowa unajua, tofauti na pampasi inayomeza yote ukabaki unabinyabinya kukisia.

Kufunga utajua kwa mikono kuliko kwa maneno, lakini jaribu hivi. Ikunje nepi iwe pembetatu, ukingo mrefu juu. Kwa kuwa bado mdogo, ushushe ukingo huo kiasi cha kiganja. Mlaze, kiuno usawa wa ukingo, pitisha ncha ya chini katikati ya miguu, leta mbawa mbili, pini moja. Wako ni wa kike, basi unene uwekwe katikati. Wangu wa kiume nilikuwa nakunja mbele mara mbili na bado alikuwa ananilenga shingoni. Kitovu kama hakijaanguka (huanguka wiki ya kwanza mpaka ya tatu), kunja mbele kwa chini ili kikae nje, kipate hewa, kisilowe mkojo. Usikaze. Vidole viwili vipite kiunoni, na miguu ijikunje kama chura, ndivyo nyonga zinavyotaka.

Pini nayo ilale mlalo, si wima, isije ikamchoma tumbo akijikunja. Kidole chako kikae kati ya pini na ngozi yake kila mara. Bora uchomwe wewe. Ikigoma kupenya, ichomeke kwanza kwenye mche wa sabuni, itateleza. Aliyebuni pini hii ya kujifunga, Mmarekani mmoja aitwaye Walter Hunt, alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1849 na kuiuza kwa dola 400. Saa nane za usiku, gizani, nilikuwa naona walimpunja.

Upele ukitokea, kwanza muache matako wazi juu ya nepi iliyotandazwa, muda mrefu kadiri nyumba itakavyovumilia. Msafishe kwa maji matupu, umkaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Krimu nzito ya zinki inasaidia lakini huziba nyuzi za kitambaa kama ile dawa ya kulainisha, kwa hiyo weka kipande cha kitambaa chakavu kati yake na nepi. Ukiona wekundu mkali hata kwenye mikunjo ya mapaja, na vijidoa vidogo pembeni, na siku tatu zimepita bila nafuu, huo pengine ni fangasi. Mpeleke aonwe, usihangaike na beseni.

Na pampasi? Tumia, shoga, tumia ukisafiri, ukiumwa, au usiku ambao umechoka mno. Nilikuwa nazo, na sikumwomba mtu msamaha. Wale wanaokwambia kitambaa ni kuokoa dunia, nao waambie wapunguze. Uingereza walichapisha hesabu mwaka 2008: kwa mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka miwili na nusu, pampasi zilikadiriwa kuchangia kama kilo 550 za hewa ya ukaa, na nepi za kufua kama kilo 570. Kwa hesabu hiyo, sawa tu. Tofauti inakuja ukianika kambani badala ya mashine ya kukaushia, ukifua mzigo uliojaa, na ukizirithisha kwa mtoto mwingine. Hapo za kitambaa hushuka kwa asilimia 40 hivi. Wako ni mtoto wa tatu kwa nepi hizi. Tunaendelea vizuri.

Jambo moja la mwisho, nalo ni la baba mtoto. Afundishwe kukunja na kusuuza wiki hii hii, kabla hajazoea kukwambia kwamba wewe unajua zaidi. Wangu nilimchelewesha miezi mitatu nikidhani namhurumia. Nilikuja kugundua anakamua kuliko mimi, ana viganja kama koleo, na nepi alizokamua yeye zilikauka saa nzima kabla ya zangu.

Kwenye rundo kuna moja yenye uzi mwekundu pembeni. Ndiyo ile ya shangazi, niliitia alama siku ileile. Nayo inyonye tu kama wenzake, lakini mara mojamoja itie kwenye maji matupu uizungushe, uone. Pini moja kati ya sita kichwa chake kimelegea, nimeifunga kwa utepe usiitumie kwa bahati mbaya; nilitaka kuitupa nikashindwa, ndiyo niliyomfungia nayo mkubwa wangu siku ya kwanza. Nirudishie ukija.

Mbusu hapo utosini kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako.