Heri ya Juhannus kutoka msituni

Ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo, nawatakieni Juhannus njema. Hii ndiyo sikukuu kubwa ya kiangazi hapa Ufini, Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 20 na 26 Juni. Kaskazini kule Lapland jua halizami kabisa siku hizi. Mijini kumebaki kutupu. Watu wako kando ya maziwa, wanawasha mioto mikubwa ya kokko na kujipigapiga saunani, yaani katika bafu la mvuke, kwa matawi mabichi ya mbetula.

Siku ya Kimataifa ya Yoga, tarehe 21 Juni, huwa jirani ya sikukuu hii, nami huziadhimisha pamoja katika msitu wa Nuuksio, karibu na Helsinki. Kwa desturi ya nchi hii, kila mtu ana haki ya kutembea msituni na kuchuma matunda pori bila kumwomba mwenye ardhi. Wazee wa Kifini, hata hivyo, hawakuingia hivihivi. Msitu ulikuwa nyumba ya Tapio, mungu wa msitu, na mkewe Mielikki. Mwindaji aliwaachia sadaka juu ya msprusi wenye kilele bapa, ulioitwa meza ya Tapio, na dubu alitajwa kwa majina ya heshima tu. Kwa hiyo napiga hodi, kwa sauti, ndipo natandika mkeka. Nautandika juu ya mwamba mtupu, kamwe si juu ya vile vimea vyeupe ambavyo reinidia, wale kulungu wa nchi za baridi, hula wakati wa baridi. Hukua milimita chache tu kwa mwaka, na vikikauka, unyayo mmoja huvisaga.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha metsänpeitto, yaani kufunikwa na msitu. Mtu anapita njia anayoijua, ghafla kila kitu kinakuwa kigeni, ndege wananyamaza, wanaomtafuta wanampita bila kumwona. Dawa yake? Ageuze koti ndani nje, abadilishe viatu, cha kulia avae kushoto, au ainame achungulie kati ya miguu yake mwenyewe. Ulimwengu wa huko uko juu chini, nawe sharti upinduke ili uone njia.

Wanayoga mmeshaelewa. Viganja chini, kiuno juu, kichwa kikining'inia: ule mkao wa mbwa tunaoufanya kila siku. Nikiufanya pale mwambani, naiona misonobari imeota kutoka angani, na mawazo yaliyonipoteza tangu majira ya giza yanaanza kuniachia. Naamini wazee wale walijua walichokisema.

Basi mnaosherehekea huku, ulizeni kama kuna tahadhari ya moto kabla hamjawasha kiberiti, na mkipanda mtumbwi vaeni jaketi za kujiokolea, maana kila Juhannus maziwa haya huchukua watu. Mlio mbali, salamu nyingi kwa wazee na watoto. Hyvää juhannusta!